Bwana Vipimo Afunga Lumbesa

Baba yangu alimchukia mtu huyu kwa miaka mingi, na mimi nikarithishwa chuki hiyo kama wengine wanavyorithishwa shamba. Kwetu Kasense jina lake halikutajwa. Alikuwa Bwana Vipimo tu, yule mtu mrefu kutoka Mbeya, mwenye mizani nyuma ya gari la serikali, aliyesimamisha mizigo ya mahindi barabarani na kuuliza swali lilelile: "Hili gunia lina nini kichwani?" Kichwani kulikuwa na lumbesa, kingekuwa kitu gani kingine? Wanunuzi walikuwa hawachukui gunia lililofungwa sawasawa. Walitaka liongezwe juu mpaka lichomoze kichwa, lishonwe kwa kamba, halafu walilipie kama gunia moja. Mkulima ndiye aliyepunjwa, na sheria ilikuwa upande wake, ila aliyekutwa na mzigo njiani mara nyingi alikuwa yeye. Siku moja Baba alifunguliwa magunia yake yote kando ya barabara, akapunguza mahindi mbele za watu, na mnunuzi akawasha gari akaondoka. Tangu siku hiyo, ukimtaja Bwana Vipimo wakati wa kula, Baba aliweka tonge chini.

Kwa hiyo nilipofungua duka langu la kompyuta na vipuri mjini Sumbawanga, karibu na soko, na mzee mmoja mrefu akaingia akitazama rafu kama mtu anayetafuta kosa, nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa ameshastaafu. Hakurudi kwao, alikuwa amejenga Izia, mtaa wa palepale mjini, akilima na kipande cha mahindi nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Huu waya mmeandika mita mbili?"

Akatoa futi ya kamba mfukoni, akaupima waya juu ya kaunta yangu mbele ya wateja. Ulikuwa pungufu kwa kama kiganja kizima.

"Mzee, ndivyo unavyokuja kutoka kiwandani."

"Basi uuze ndivyo unavyokuja."

Nilitamani kumtoa nje. Badala yake nilibandua karatasi nikaandika upya, yeye akasimama kuhakikisha naandika. Aliponunua, alinunua waya uleule. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, kama unaweza kuitwa urafiki mwanzoni, kwa sababu kila alipokuja nilikuwa naficha vitu chini ya kaunta.

Huyu mtu alipima kila kitu. Mkate aliupima kiganjani kabla hajalipa. Kwenye sherehe, wenzake wakishangilia bwana harusi, yeye alikuwa anatazama upawa wa pilau unavyojaa kwa wengine na kupungua kwa wengine, na alikuwa hawezi kujizuia kusema. Neno lake lilikuwa "tupime kwanza", na alilisema kwa mambo yasiyopimika: umbea, mahubiri, hali ya hewa, ahadi za wanaogombea. Kitu kimoja tu hakukipima maishani mwake, nacho ni sukari. Aliimwaga kwenye chai bila kutazama, na mkewe alipokuwa bado anazungumza alikuwa akimwambia, "Na hiyo je, Bwana Vipimo? Hiyo haina sheria?" Naye alikoroga, akitazama pembeni.

Nimesema mkewe alipokuwa bado anazungumza, na hapo ndipo kwenye kiini cha habari yangu.

Mama yule alikuwa msemaji. Alikuwa anaongoza nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao tangu ujana, na nje ya kanisa pia mdomo haukupumzika. Mumewe alipima, yeye alitangaza matokeo. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukapata nguvu kidogo baada ya muda, mguu ukakubali kutembea kwa kushikiliwa, ila maneno hayakurudi. Alielewa kila kitu unachomwambia. Alicheka pale pa kuchekesha. Lakini alipotaka kusema "maji", midomo ilihangaika, ikatoka sauti isiyo neno, na yeye mwenyewe akafumba macho kwa hasira. Niliwahi kumwona akipiga paja lake kwa ngumi kwa sababu hakuweza kunikaribisha kiti. Niliondoka pale nikilia njia nzima.

Muuguzi anayemsimamia mazoezi alimwambia mzee jambo moja. Alisema wapo watu waliopotewa na maneno namna hiyo ambao bado wanaweza kuimba, na kupitia kuimba maneno mengine hurudi. Akashauri Mama asikilizishwe nyimbo alizozizoea, aimbe nazo, tena mapema, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mzee akacheza kanda za kwaya. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, hakuimba. Sauti zilikuwa nyingi mno, zilimpita kasi, na yake mwenyewe ilikuwa imezama katikati ya besi na vinanda. Ndipo mzee akaja na wazo lake: amtoe mkewe kwenye ile kwaya. Apate sauti yake peke yake, amrudishie, aimbe na nafsi yake.

Programu za kutenganisha sauti zipo. Nilimwambia anaweza kutuma nyimbo kwenye mtandao zikatengenezwa huko, yeye akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nimpeleke mke wangu kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua?"

"Ni sauti tu, mzee."

"Kwa sasa hiyo sauti ndiyo yeye."

Nikampa kompyuta ya mezani, mtumba, iliyotoka kwenye ofisi fulani. Niliongeza ramu, nikaweka kadi ya picha niliyokuwa nayo, nikamwekea programu. Ilifanya kazi, ila kwa mwendo wa mgonjwa. Wimbo mmoja ulichukua muda mrefu kiasi kwamba mzee alikuwa anakwenda kupalilia na kurudi akaikuta bado, na kila wimbo ilibidi urudiwe mara kadhaa kwa namna tofauti kabla sauti haijatoka safi. Yeye alikuwa anahesabu miezi ya muuguzi. Akaanza kutazama video kwenye simu, vijana wa nchi za watu wakieleza jinsi ya kupandisha spidi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kupita ile iliyopangwa kiwandani. Siku aliyoniambia kwamba ameingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa akaipandisha, nilishika kaunta kwa kucheka.

"Mzee! Hiyo si lumbesa?"

Nadhani hakuwa amelifikiria. Kisha akasema polepole, "Ni lumbesa."

"Wewe! Umefungua magunia ya baba yangu barabarani!"

"Baba yako alikuwa anafungia mnunuzi. Mimi nafungia mke wangu."

Hakuona haya hata kidogo. Toka hapo hakuuita mchezo ule kwa jina jingine, na mimi nikajifunza kuwaelezea wateja wangu kwa lugha yake: gunia limetengenezwa kwa kipimo fulani, wewe unalishindilia, na mara nyingi gunia linavumilia. Anayeumia ni kuli anayelibeba. Kwenye kompyuta kuli ni pawa saplai, lile boksi la chuma nyuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Prosesa ikipandishwa inadai umeme zaidi, kadi ya picha nayo inadai wake, na zikidai kwa pamoja kuli dhaifu anapiga magoti.

Kompyuta ya mzee ilianza kupiga magoti wiki hiyohiyo. Ukiiwasha inawaka vizuri, unafungua hiki na kile, inatii. Ukianzisha kutenganisha sauti, inakwenda kidogo, halafu kimya, kama mtu amechomoa waya. Yeye alilaumu joto. Ni kweli prosesa iliyopandishwa huchemka, na Sumbawanga tuna dawa ya bure ya kuchemka, yaani upepo wetu. Akaacha dirisha wazi. Mama akaanza kutetemeka kwenye kiti chake. Akalifunga dirisha, akabeba meza nzima na kompyuta yake akaiweka ukumbini karibu na mlango wa nyuma, na yeye akawa anafanya kazi amevaa koti na kofia ya sufi. Joto likapungua. Kuzima kukaendelea.

Halafu akalaumu mashine ya kusaga. Jirani yake anasaga unga, na mashine ile inapoanza taa za mtaa mzima hufifia. Mzee alikwenda pale na mita yake ya kupimia umeme, akamwomba mwenye mashine amtumie ujumbe kila anapotaka kuwasha. Mwenye mashine, mtu mpole, alikubali. Kwa siku kadhaa alikuwa anaandika "Mzee nawasha" na mzee anasimamisha kazi. Wateja wa unga walikuwa wanauliza huyo mzee ni nani hata mashine inamwomba ruhusa.

"Kompyuta haiumwi, mzee," nilimwambia. "Ina njaa. Badilisha pawa saplai."

Nilikuwa nayo moja, mtumba uliotoka kwenye mashine kubwa ya ofisi, imara, stika yake imeandikwa wati mia tano na hamsini. Nilijumlisha mbele yake prosesa inakula kiasi gani ikiwa imepandishwa, kadi inakula kiasi gani, nikaonyesha kwamba inatosha na nafasi inabaki. Akaipindua mkononi, akaona kutu kwenye skrubu. Akanirudishia. Kesho yake akapanda basi kwenda Tunduma, akarudi na yake, mpya, ya boksi, stika inang'aa: wati mia nane.

Nilimwambia ukweli. Stika hazina kiapo. Mtu anaweza kuandika mia nane kwenye kitu kisichobeba hata nusu yake. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akatoa mfukoni mizani ndogo aliyotembea nayo.

"Ndiyo maana tunapima. Nimesoma, pawa saplai nzuri ni nzito, ndani ina shaba na vyuma vinene. Feki ni nyepesi. Kweli, si kweli?"

"Kweli."

Akaweka yangu, akasoma. Akaweka yake. Yake ilikuwa nzito zaidi, tena kwa mbali. Nilizisoma namba zile mara ya pili, na alifurahia kuniona nikizisoma. Akaifunga kompyuta yake kwa mikono yake mwenyewe akaondoka.

Alirudi asubuhi moja amebeba kompyuta kifuani, na harufu ya kuungua ikaingia dukani kabla yake. Uso wake sijawahi kuuona vile, wala sitaki kuuona tena. Wimbo ulikuwa umefika katikati, boksi likatoa mlio, moshi, basi. Nikauliza kile ambacho fundi yeyote angeuliza.

"Kanda zipo?"

"Redio ilizitafuna nilipokuwa nazihamishia kwenye kompyuta. Zilikuwa zimechoka."

"Nakala umeweka wapi?"

Akaonyesha kompyuta. "Humohumo."

Mtu aliyepima mikate ya mji mzima hakuwa na nakala ya pili ya sauti ya mkewe. Sikuweza kumgombeza, nilikuwa naogopa kama yeye. Boksi linapokufa vibaya linaweza kuondoka na vilivyo ndani, na kama diski inayotunza mafaili ilikuwa imeungua, ile sauti haikuwa mahali pengine popote duniani, hata kooni mwa mwenyewe. Niliichomoa diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu. Ikakaa bila kuonyesha kitu. Mzee aligeukia mlangoni akawa anatazama bodaboda zinavyopita. Kisha mafaili yakatokea, moja baada ya jingine, na mimi nikapiga kelele ya furaha mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Tulinakili kwenye kila kilichokuwa na nafasi: flashi, simu yangu, simu yake, kompyuta ya duka.

Baadaye nililifungua lile boksi la Tunduma. Nililiacha likae kwanza, na nilimkataza mzee kugusa ndani, maana hivi vitu hutunza umeme hata vikichomolewa. Ndani hakukuwa na mambo mengi: vipande vidogo, nyaya nyembamba, nafasi tupu. Na kwenye kona, limegandishwa kwa gundi, bonge la chuma lisilounganishwa na kitu chochote. Lilikuwa pale kwa ajili ya mizani.

Mzee aliinama akaliangalia.

"Jiwe kwenye gunia," alisema.

Ulaghai wa kwanza kabisa ambao kila mtu wa vipimo hufundishwa. Alikuwa amezunguka uwanda wote wa Ufipa na bambo mkononi, kile chuma cha kuchomea gunia uone ndani kuna nini, akiwaambia vijana wake kwamba uzito peke yake haushuhudii kitu. Na yeye mwenyewe alipima akaridhika.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimpende moja kwa moja. Aliomba lile bonge, akaliweka mfukoni, akapanda bodaboda mpaka Kasense kwa baba yangu. Hakwenda kuomba msamaha wa mambo ya barabarani. Kuhusu lumbesa bado anaamini alikuwa sahihi, na bado nadhani alikuwa sahihi. Alikwenda, akasalimia, akaliweka bonge mbele ya Baba, akamwambia, "Nimeuziwa gunia lenye jiwe. Nimeona wewe ndiye unayestahili kucheka kwanza." Mama yangu ndiye aliyenisimulia. Alisema Baba alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na mgeni naye akaanza kucheka, wazee wawili waliokuwa hawasalimiani. Walimpa ugali wa ulezi. Baba hakuweka tonge chini.

Kazi ya kuchagua pawa saplai ikaanza upya, safari hii kwa adabu. Mzee alitengeneza ubao wake, akafunga balbu za taa za mbele za gari ndogo, kila balbu na swichi yake. Tulichukua pawa saplai moja moja, tukaibebesha balbu ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku yeye akishikilia mita kuona kama zile volti kumi na mbili zinabaki kumi na mbili au zinateremka. Moja mpya ya boksi, kutoka rafu yangu mwenyewe, iliteremka kwenye balbu ya tatu tu.

"Hii usiuze," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Mzee, unanifukuzia wateja."

"Nakuletea wa kweli."

Ule mtumba wangu wenye kutu ulibeba balbu zote. Akaongeza nyingine ambayo hatukuwa tumeihesabu, "hii ya lumbesa," na duka likawaka kama mchana wa pili, na mita haikutikisika. Hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sifa kwake ni kitu cha kupimwa kwa kijiko cha dawa. Alisema tu, "Funga."

Mkewe kwa wakati wote huo alikuwa ameambiwa kompyuta ni ya hesabu za kanisa. Ndio uongo pekee ninaoujua wa mtu yule. Hakutaka kumpa tumaini kisha limwangukie. Ila siku nilipokwenda kuifunga, Mama alinionyesha ile mashine kwa kidole, akaonyesha koo lake mwenyewe, akacheka bila sauti. Alikuwa anajua siku zote. Nilimbusu mkono.

Kompyuta haikuzima tena. Mashine ya kusaga iliwaka na kuzimwa bila kuomba ruhusa, na nyimbo zilitoka, moja, nyingine, sauti ya mwanamke kijana peke yake, safi, ikipumua mahali pa kupumua. Lakini Mama hakuimba. Mzee alinipigia simu kunieleza. Anasikiliza, machozi yanatoka, mdomo unafunguka, basi. Wiki ikapita, na nyingine. Miezi ya muuguzi ilikuwa inaisha, na mimi nilianza kuogopa kupita Izia.

Nilikwenda mchana mmoja wa kiangazi, upepo unapiga mabati. Niliwakuta ukumbini, Mama na blanketi magotini, mzee na kofia yake ya sufi mbele ya kompyuta. Mzee alicheza wimbo mmoja wa Kinyakyusa ambao mkewe aliuongoza walipokuwa vijana. Ile sauti ikaanza. Katikati ya ubeti nikasikia kitu kingine, kama mtu anayesafisha koo, nikageuka. Mama alikuwa anaunguruma chini ya sauti yake mwenyewe, nyuma kidogo, akiifukuza. Kisha likatoka neno. Mimi Kinyakyusa sikijui, lakini neno nalijua likiwa neno. Likafuata jingine.

Akainua mkono wake wa kushoto. Mzee akadhani anataka sauti iongezwe, akaongeza. Mama akatikisa kichwa, akapiga meza kwa kiganja.

"Zima," mzee akaniambia, bila kumwondolea mkewe macho.

"Nisimamishe wimbo?"

"Zima yote."

Nikabonyeza. Sauti ya yule mwanamke kijana ikakatika, feni ikazunguka kidogo ikanyamaza, na ukumbini ikabaki sauti moja, nzito, yenye mikwaruzo, isiyopatia tyuni. Mama aliimba ubeti ule mpaka mwisho. Alivuta pumzi, akamtazama mumewe, akaanza wa pili.